Dani Nabudere, mwana wa Budadiri aliyehoji mtafiti anajuaje anachokijua

Jina la Profesa Dani Wadada Nabudere hutajwa zaidi katika siasa. Wanaomkumbuka humtaja kama wakili, kama waziri katika serikali iliyoingia baada ya Idi Amin, na kama mjumbe wa Bunge la Katiba. Wachache humtaja kwa kazi aliyoifanya uzeeni, aliporudi kuishi Mbale, ingawa ndiyo inayomgusa zaidi mtu anayefanya biashara ya kuvuka mpaka. Nabudere aliuliza swali linaloonekana dogo: mtu anayekuja kuchunguza maisha ya wengine anajuaje kwamba alichokiandika ndicho kilichopo?

Swali hilo lina bei yake. Tozo za soko, taratibu za mipakani, mikopo ya vikundi na miradi ya wafadhili mara nyingi huanzia kwenye ripoti, na ripoti huanzia kwa mtu mwenye fomu mkononi. Nchini Uganda, Ofisi ya Takwimu na Benki Kuu zimekuwa zikipima biashara isiyo rasmi kwa kuweka wahesabuji kwenye vituo vya mipakani, ambao huandika wanachokiona kikipita: magunia mangapi, ya bidhaa gani, yanaelekea upande gani. Kazi hiyo ina faida, kwa kuwa bila hiyo mchuuzi mdogo asingeonekana kabisa kwenye hesabu za taifa. Lakini jicho linaloona gunia haliwezi kuona deni, undugu wala hofu iliyolifikisha gunia hilo mpakani. Pengo la aina hiyo ndilo lililomshughulisha Nabudere mpaka mwisho wa maisha yake.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1932 huko Budadiri, chini ya Mlima Masaba ambao ramani huuita Elgon, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Sironko. Ni nchi ya kahawa ya arabika, na mkulima wa huko alijua tangu zamani kwamba bei ya zao lake huamuliwa na watu asiowaona. Upande wa pili wa mlima wako Wabukusu, ndugu wa Wagisu kwa lugha na kwa jando, ambao mpaka wa wakoloni uliwaweka Kenya. Wasabini wako pande zote mbili, na Wateso vilevile. Mtoto wa Budadiri alikulia mahali ambapo ramani ilisema jambo moja na ukoo ukasema jingine.

Alikwenda Uingereza kusomea sheria na kufuzu uwakili mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi zetu zilipokuwa zikipata uhuru mmoja baada ya mwingine. London ya wakati ule ilikuwa na wanafunzi wengi wa Kiafrika wenye moto wa siasa, naye alikuwa mmoja wao. Aliporudi nyumbani alijiunga na mrengo wa kushoto wa chama cha UPC cha Milton Obote, lakini hakudumu humo. Alifukuzwa chamani, na baadaye serikali ya Obote ikamweka kizuizini.

Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, Nabudere alipewa uenyekiti wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Reli hiyo ilitoka Mombasa, ikaingia Uganda kupitia Malaba hadi Tororo, na kutoka Tororo tawi moja lilipita Mbale kwenda Soroti na kaskazini. Mwaka 1973, mauaji ya utawala wa Amin yakizidi, aliacha kazi hiyo na kukimbilia Tanzania. Miaka minne baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli aliyokuwa ameiongoza ikagawanywa vipande vitatu.

Tanzania alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilikuwa kimekusanya wasomi kutoka pembe zote za kanda, wakiwemo Issa Shivji wa Tanzania na Waganda wenzake Mahmood Mamdani na Yash Tandon. Mwaka 1977 Nabudere alitoa kitabu kikubwa kuhusu uchumi wa ubeberu, na mabishano yakapamba moto. Shivji na Mamdani, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameandika juu ya matabaka yaliyojijenga ndani ya Tanzania na Uganda baada ya uhuru. Nabudere aliwapinga. Kwake yeye, kuwatazama matajiri na warasimu wa ndani kama watawala wenyewe kulificha mtaji wa fedha wa nje uliowashika wote mkono. Mwaka 1982 Tandon aliyakusanya mabishano hayo katika kitabu kimoja.

Mfanyabiashara anaweza kuuona uzito wa ugomvi ule kwa mfano mmoja. Bei ya sukari inapanda Mbale. Mtafiti wa kwanza anakwenda kwa mwenye duka la jumla na kuandika kwamba anaficha mali. Wa pili anachunguza riba ya benki na bei ya dola, anaandika kwamba mwenye duka naye amebanwa. Wote wawili wametazama gunia lilelile na wote wana ushahidi. Tofauti yao ilianza kabla hawajatoka nyumbani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wazo lake juu ya nini kinachoiendesha jamii. Wasomi huliita wazo hilo msingi wa kifalsafa wa utafiti. Kila ripoti inao, hata ile ambayo mwandishi wake anaapa kuwa ameandika takwimu tupu.

Machi 1979, vikosi vya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni vikisonga mbele kuelekea Kampala, makundi ya Waganda yalikutana Moshi na kuunda umoja wa UNLF. Nabudere alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Amin alipoanguka mwezi uliofuata, aliteuliwa Waziri wa Sheria chini ya Yusuf Lule, kisha akashika wizara ya utamaduni na maendeleo ya jamii chini ya Godfrey Binaisa. Serikali hizo zilikuwa na umri mfupi. Mei 1980 Tume ya Kijeshi ilimwondoa Binaisa, na Nabudere akarudi uhamishoni, kwanza Kenya, baadaye Denmark. Alirejea Uganda miaka ya 1990, na mwaka 1994 watu wa kwao walimchagua kwenda Bunge la Katiba lililotunga Katiba ya 1995.

Wengi wa umri wake wangetosheka hapo. Yeye alihamia katika kazi nyingine, na aliifanyia Mbale badala ya Kampala. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, chenye makao yake mjini humo, akaanzisha taasisi aliyoipa jina la Marcus Garvey, Mjamaika aliyepigania umoja wa watu weusi duniani. Pamoja na wenzake alikaa na wafugaji na wakulima wa mashariki na kaskazini mashariki ya Uganda, watu waliokuwa wakigombana kwa mifugo na malisho, kusikiliza jinsi wao wenyewe walivyoueleza ugomvi huo na jinsi walivyokuwa wakipatana zamani.

Katika kazi hiyo maswali yake yalibadilika. Zamani alibishana juu ya nani anatawala uchumi. Sasa aliuliza juu ya elimu yenyewe inayotumika kuueleza uchumi huo.

Kwa lugha ya soko, utafiti wa jamii umekuwa na njia kuu tatu. Ya kwanza ni ya mizani: jamii ipimwe kama vitu, mtafiti asimame mbali asiegemee upande, na kisichohesabika kiachwe. Ya pili ni ya maana: tendo la mtu halieleweki mpaka ujue mwenyewe analiona kuwa ni nini. Ya tatu ni ya maslahi: uliza nani ananufaika na hali ilivyo, na nani analipia. Nabudere alikuwa amelelewa katika njia ya tatu, ile ya wafuasi wa Karl Marx. Uzeeni aliona kwamba elimu ya vyuo, kwa jumla, ilikuwa na kasoro iliyo chini zaidi ya hizo njia zote. Ilimtenga anayejua na anayejulikana. Ilitenga akili na moyo, ikaikata jamii vipande na kila idara ikachukua chake: uchumi huku, dini kule, sheria kwingine. Kisha ikasahau kwamba ni yenyewe iliyokata.

Jibu lake aliliita Afrikolojia, na kitabu chake cha mwaka 2011 kililieleza kwa kirefu. Alidai kwamba binadamu alianzia Afrika, hivyo elimu ya kale ya bara hili ni urithi wa watu wote na haikufungwa kwa rangi moja. Katika elimu hiyo maisha ni kitu kizima. Jamii yenyewe, pamoja na wazee wake, mafundi wake, lugha zake na mahali pake pa kumbukumbu, ni makao ya maarifa, na mtafiti anakwenda huko kama mwanafunzi. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nabudere aliandika kurasa nyingi za falsafa kuonyesha kwa nini aliyelala kitandani ana la kusema kabla ya aliyekuja na rula.

Chukua Namatala, kitongoji cha Mbale ambamo Wagisu wanaishi pamoja na Wateso, Wakaramoja walioondoka kwao kwa njaa na wizi wa mifugo, na watu wa makabila mengine mengi. Tuseme anakuja mtafiti mwenye fomu ya Kiingereza, na swali la nne linauliza mapato ya mwezi. Mama anayeuza maharage hana mwezi. Ana siku za soko, ana mzunguko wa kikundi cha kuweka na kukopa, ana msimu wa mvua ambao hauna faida. Sehemu ya mzigo aliovusha Lwakhakha ni biashara, sehemu ni chakula cha matanga ya jamaa upande wa Kenya, na sehemu ni deni la mwaka jana linalolipwa kwa debe. Atataja namba ili mgeni aondoke. Namba hiyo itajumlishwa na nyingine, na huenda siku moja ikaamua kiwango cha ushuru au nani anastahili mkopo.

Kwa njia ya Nabudere, kazi ingeanza na mazungumzo katika lugha ya mama huyo. Mtafiti angeuliza kwanza faida ni nini kwake, hasara ni nini, na kwa nini debe la deni halihesabiwi kama mauzo. Fomu ingekuja baadaye, ikiwa na visanduku vinavyolingana na maisha yake. Na kabla ripoti haijachapishwa ingerudishwa Namatala, waliohojiwa wajadili kama ndivyo walivyosema.

Kuna mambo ambayo Afrikolojia haikuyamaliza. Jamii si sauti moja. Wazee wanaotajwa kuwa walinzi wa maarifa wanaweza kuwa ndio wanaomnyima mjane shamba, na anayewasikiliza wao peke yao atarudi na ukweli wa wenye nguvu. Tena mizani haiwezi kutupwa. Mchuuzi anayedai kituo cha mpaka kifunguliwe usiku atahitaji idadi ya malori na ya watu, kwa sababu ofisini hadithi moja haitoshi. Na vitabu vya Nabudere kuhusu Afrikolojia viliandikwa kwa Kiingereza kizito na kuchapishwa na taasisi ya Pretoria. Mtu aliyesisitiza lugha za wenyeji aliacha kazi yake kubwa katika lugha ambayo wengi wa wenyeji hao hawaisomi. Deni hilo limebaki kwa wanafunzi wake.

Nabudere alifariki tarehe 9 Novemba 2011, akikaribia kutimiza miaka 79. Kitabu chake cha pili kuhusu Afrikolojia kilitoka mwaka uliofuata. Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977 ilikwisha kufufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, na leo ina nchi wanachama 8, kutoka Somalia hadi Kongo. Jumuiya hiyo hupanga mambo yake kwa tafiti, na nyingi kati ya tafiti hizo zinahusu watu wanaoamka saa kumi za usiku kuwahi Busia, Malaba, Lwakhakha na Suam.

Anayekujia na fomu anaweza kuulizwa pia. Nani amemtuma na nani analipa? Maneno yaliyomo kwenye fomu, kama faida, biashara, magendo au kaya, yana maana gani kwake, na ndiyo maana unayoijua wewe? Mazungumzo yatafanyika kwa lugha gani? Majibu yatarudi lini, na yatasomwa wapi? Mtafiti mzuri hatachukia maswali hayo, kwa kuwa ndiyo aliyopaswa kujiuliza kabla ya kupanda basi la kuja Mbale.