Habari za Maisha ya Johannes Kepler, Mwenye Elimu ya Nyota

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini ya Ujerumani. Alipokuwa mtoto alipatwa na ndui, akapona, lakini macho yake yakabaki dhaifu. Akasoma katika chuo cha Tübingen, akitaka kuwa mchungaji; lakini mwaka wa 1594 akapelekwa Graz, katika nchi ya Austria, awe mwalimu wa hesabu. Huko alitamani sana kujua njia ambazo sayari huzifuata zikilizunguka jua. Lakini mwenye macho dhaifu atapimaje nyota? Ilimpasa kutafuta vipimo vya mtu mwingine.

Vipimo vilivyo bora vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, ndiye Tycho Brahe, bwana mkubwa wa Denmark. Kwa muda wa miaka 20, katika kisiwa cha Hven, yeye na wasaidizi wake walipima mahali pa nyota kwa vyombo vikubwa, bila darubini, kwa uangalifu usio na kifani. Lakini madaftari yake aliyaficha. Aliamini ya kuwa mtu mmoja amekwisha kumwibia fikira zake, kwa hiyo akawaogopa na wengine.

Mwaka wa 1600 Kepler akamwendea Tycho, ambaye wakati huo alikuwa akimtumikia Kaisari Rudolf II karibu na Prague. Mwaka ule ule Kepler akafukuzwa Graz kwa kuwa alikataa kuiacha imani yake ya Kilutheri, akahamia Prague pamoja na jamaa yake. Tycho alimpokea, asimfungulie madaftari yote. Wakiwa mezani alitaja leo hesabu moja, kesho nyingine. Akampa kazi ya Mirihi, sayari iliyowashinda wengi. Tarehe 24 Oktoba 1601 Tycho akafa, naye alikuwa amemwomba Kepler aimalize kazi yake.

Hapo Kepler naye alifanya neno lisilo safi. Aliyachukua madaftari kabla warithi hawajayaangalia, na baadaye mwenyewe alikiri hivyo. Warithi walikuwa na sababu ya kunung'unika, maana Kaisari aliahidi kuvinunua vitu vya Tycho, asilipe fedha yote. Kwa mabishano hayo kitabu cha Kepler juu ya Mirihi kikachelewa kupigwa chapa hata mwaka wa 1609.

Katika kitabu hicho alieleza si yale aliyoyapata tu, bali na njia alizozifuata akapotea. Kwanza alipata hesabu iliyohitilafiana na vipimo vya Tycho kidogo sana, kadiri ya robo ya upana wa mwezi mpevu. Mwingine angaliridhika. Yeye alijua ya kuwa Tycho hakukosa kiasi hicho, akaiacha hesabu ile, akaanza tena, hata akatambua ya kuwa njia ya sayari si duara kamili, bali ni duaradufu.

Mwaka wa 1612 akahamia Linz. Mchungaji wa huko akamzuia asishiriki Chakula cha Bwana, kwa sababu hakukubali kutia sahihi maungamo pasipo kusema neno lililomtia shaka. Angaliweza kutia sahihi na kunyamaza, hakutaka. Hata hivyo alikaa Mlutheri mpaka kufa kwake.

Mwaka wa 1626 wakulima walioasi wakauzingira mji wa Linz, na nyumba ya kupigia chapa ikaungua. Lakini maandiko ya Kepler yakaokoka. Akayachukua mpaka Ulm, akatumia fedha yake mwenyewe, maana Kaisari hakuwa amemlipa mshahara wake wote. Mwaka wa 1627 kitabu kikatoka, nakala 1,000, kikaitwa kwa jina la Rudolf. Ndani yake mlikuwa na orodha ya nyota zipatazo 1,000 alizozipima Tycho, na hesabu za kujua mahali pa kila sayari siku yo yote, pamoja na maelezo ya namna ya kuzitumia. Jina la Tycho halikufichwa. Hivyo matunda ya madaftari yaliyofungwa yakawa mali ya kila awezaye kusoma.

Mwaka wa 1629 Kepler akawatangazia wenye elimu ya kuwa tarehe 7 Novemba 1631 sayari Utaridi itapita mbele ya jua, akawaomba waangalie. Yeye mwenyewe hakuiona siku hiyo, maana alikufa huko Regensburg tarehe 15 Novemba 1630. Lakini Pierre Gassendi aliangalia kutoka Paris, akaiona Utaridi kama nukta nyeusi juu ya jua. Tena kijana Mwingereza, Jeremiah Horrocks, akazichungua hesabu za Kepler, akaona kosa, akalisahihisha. Na mwaka wa 1639 akaiona Zuhura ikipita mbele ya jua, jambo ambalo Kepler hakulitabiri kwa mwaka ule.

Basi, wasomaji, tusidhani ya kuwa Kepler alipungukiwa na heshima kwa kusahihishwa na kijana. Kama hesabu zile zingalibaki sandukuni, kosa lake lingalibaki pamoja nazo, na Horrocks asingalijua siku ya kutazama. Mwenye kuandika alichokipima na kuwapa wengine, huwapa pia nafasi ya kumsahihisha. Na hivyo kazi yake huendelea hata yeye akiisha kufa.