Henry Ford alimwachia mwanawe kiti, usukani akabaki nao

HENRY Ford, aliyeasisi kampuni ya magari ya Ford jijini Detroit, Marekani, mnamo 1903, alijiuzulu urais wa kampuni hiyo mwishoni mwa 1918. Wadhifa huo ulimwendea mwanawe wa pekee, Edsel, aliyekuwa na umri wa miaka 25.

Hata hivyo, Edsel alikuwa rais wa jina tu. Alitaka gari la Model T, lililoundwa tangu 1908, liachiwe jipya nafasi kwani wateja walikuwa wakihamia Chevrolet. Babake alikataa katakata hadi 1927, wakati ambapo magari milioni 15 yalikuwa yameshaundwa. Edsel alipopendekeza breki za mafuta, mzee aling'ang'ania zile za vyuma kwa miaka mingi. Lililomdhalilisha zaidi, pengine, ni kuona Harry Bennett, mkuu wa walinzi, akisikizwa na mzee kuliko yeye aliye damu yake.

Edsel alifariki Mei 1943 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 49. Ford, akiwa na miaka 79 na afya imezorota, alikirejelea kiti. Ilibidi mkewe, Clara, aingilie kati, naye mjane wa Edsel, Eleanor, akatishia kuuza hisa zake. Hapo ndipo mzee aliposalimu amri. Septemba 1945, mjukuu wake, Henry Ford wa Pili, mwenye miaka 28, alitwaa uongozi na mara moja akampiga kalamu Bennett.

Ford aliaga dunia Aprili 1947.