Robert Hooke: Mtu wa springi aliyekufa na sanduku la fedha

Mwenye pikapu ya kubebea mazao akiona nyuma ya gari imelala, jambo la kwanza analofanya ni kwenda kwa fundi kuongeza majani ya springi. Gari linanyanyuka, mzigo unapakiwa, na kabla msimu haujaisha malalamiko yanaanza. Likiwa tupu linarusha abiria, kwenye kona za vumbi mkia unateleza, na propela shafti inatetemeka kila mwendo ukiongezeka. Fedha zimekwishatoka.

Mambo hayo yote yanamgusa mtu mmoja aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka 300 iliyopita, ambaye hakuwahi kuona gari lenye injini. Jina lake ni Robert Hooke. Springi inayobeba gari hufuata kanuni yenye jina lake, na krosi za propela shafti, ambazo bila hizo gari la kuvuta kwa magurudumu manne lisingekwenda popote, nazo huitwa na wahandisi viungo vya Hooke.

Alizaliwa Julai 1635 katika kijiji cha Freshwater, kwenye kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa asiye na mali nyingi. Mtoto alikuwa mgonjwa mgonjwa, akashinda nyumbani akitengeneza vitu vya kuchezea kwa mbao. Baba alifariki mwaka 1648, na kijana huyo wa miaka 13 akaenda London na urithi wake mdogo. Kwanza alipelekwa kwa mchoraji Peter Lely ili ajifunze kazi, lakini hakukaa. Akaingia shule ya Westminster, na mwaka 1653 akafika Oxford, ambako alijilipia maisha kwa kuwatumikia wengine.

Mmoja wa waliomwajiri huko alikuwa Robert Boyle, tajiri aliyependa sayansi. Hooke ndiye aliyemtengenezea pampu ya hewa iliyomletea Boyle sifa kubwa. Mwaka 1662 chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilimpa kazi ya kuandaa majaribio mapya kwa kila mkutano. Ni kazi ambayo leo ingegawiwa watu kumi.

Malipo ndiyo yalikuwa shida. Mwaka 1664 mfanyabiashara tajiri, Sir John Cutler, aliahidi kumlipa pauni 50 kwa mwaka ili atoe mihadhara. Mihadhara ilitolewa, fedha hazikuja. Hooke alidai kwa miaka mingi, mwishowe akaenda mahakamani, na akashinda mwaka 1696, wakati mdaiwa mwenyewe amekwishakufa. Mkulima aliyewahi kupeleka mazao kwa mkopo anaielewa habari hiyo bila kuelezwa zaidi.

Tarehe 1 Mei 1665 Hooke na wenzake wa Royal Society walikwenda nyumbani kwa Kanali Blount, nje kidogo ya London, kujaribu magari ya farasi. Wakati huo barabara za Uingereza zilikuwa za mashimo na matope, na abiria walifika safari wakiwa wameumia mgongo. Samuel Pepys, ofisa wa serikali aliyeandika shajara maarufu, alikuwepo, na aliandika kwamba gari moja liliwapendeza kuliko mengine kwa ulaini wake. Bodi yake yote ilikuwa imelazwa juu ya springi moja ndefu.

Wengine waliridhika kwamba gari ni laini. Hooke alitaka kujua springi inafanya nini hasa. Alitundika waya mrefu wa futi 20 na zaidi, akafunga sahani ya mizani chini yake, akaongeza uzito kidogo kidogo na kupima kila mara waya umevutika kiasi gani. Akafanya hivyo kwa waya uliosokotwa kama koili, kwa springi ya saa, na kwa ubao mkavu ulioshikwa upande mmoja. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: uzito ukiwa mara mbili, kunyooka au kupinda huwa mara mbili.

Kwa mwenye gari maana yake ni rahisi. Kama kilo 200 zinashusha nyuma ya pikapu kwa sentimeta 4, basi kilo 400 zitaishusha kwa sentimeta 8, ili mradi springi ni za kawaida na hazijachoka. Futi ya kupimia na magunia machache yenye uzito unaojulikana yanatosha kumwambia mwenye gari springi zake zina nguvu kiasi gani, kabla hajatoa hata senti moja. Ni wachache wanaopima. Wengi hununua kwa kuangalia gari la jirani.

Kanuni hiyo pia ndiyo inayoonyesha ubaya wa springi ngumu kupita kiasi. Springi iliyochaguliwa kwa tani moja haitapinda vizuri ikibebeshwa dereva na mkungu wa ndizi. Gurudumu litaruka shimoni badala ya kulifuata, na tairi lililo hewani halishiki breki. Kwa hiyo springi huchaguliwa kwa mzigo wa siku nyingi, si kwa ule wa mara moja kwa mwaka. Gari linaloshinda tupu siku nne na kupakiwa siku mbili linafaa springi zenye majani mazito ya chini, ambayo hayagusi kitu mpaka mzigo uwe mkubwa. Aidha, unene wa jani una nguvu kuliko idadi ya majani. Jani lenye unene mara mbili huwa gumu mara nane, jambo ambalo fundi anayechanganya majani ya lori na ya pikapu hana budi kulikumbuka.

Wanaovuta tela wana hesabu nyingine. Tela la kilo 1,500 lililopakiwa vizuri hukandamiza ndoano ya gari kwa takriban sehemu ya kumi, yaani kilo 150. Lakini ndoano iko nyuma ya ekseli. Kama iko meta 1.2 nyuma yake, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ni meta 2.8, springi za nyuma hubeba kilo 214, na magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 64. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu ya miti. Springi za nyuma zenye nguvu zaidi kidogo hulisawazisha gari, lakini hazirudishi zile kilo 64 mbele. Dawa yake ni kupakia tela vizuri na kupunguza shehena. Wala springi mpya haziongezi uzito ambao mtengenezaji ameruhusu gari libebe. Chesi, ekseli na breki zimebaki zilezile.

Hooke alieleza pia kwamba springi iliyosukumwa huendelea kuchezacheza kwa mapigo ya muda ulio sawa, yawe makubwa au madogo. Kwa saa hiyo ni faida, kwa gari ni balaa. Kazi ya kuyatuliza mapigo hayo ni ya shokapu. Shokapu za kawaida hazibebi mzigo, na anayezibadilisha ili kunyanyua gari lililolala amenunua kitu kisichohusika. Springi za majani hujituliza kiasi kwa kusuguana, lakini za koili haziwezi, hivyo ukiweka koili ngumu zaidi na kuacha shokapu za zamani gari litadundadunda.

Sasa krosi. Hooke aliibuni ili kuzungusha vyombo vya kutazamia jua na nyota, akaieleza katika kitabu cha mwaka 1676. Shafti mbili zilizopinda kwa pembe zinaunganishwa na msalaba mdogo. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa, shafti ya pili huenda kwa kusitasita, haraka na polepole ndani ya mzunguko mmoja. Krosi mbili zenye pembe sawa husahihishana. Gari likinyanyuliwa sana pembe hizo huharibika, na ndipo mtetemo unapoanza. Nyongeza ya sentimeta 4 au 5 magari mengi huivumilia, lakini zaidi ya hapo gharama ya propela shafti na krosi inapaswa kuingizwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kosa la Hooke lilikuwa kuficha. Alitaka hati ya kumiliki saa inayoendeshwa kwa springi, mapatano na wenye mitaji yakavunjika, naye akaikalia siri. Mwaka 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza saa yake ya springi, na Hooke akalalamika kwamba ameibiwa. Mwaka uliofuata alichapisha kanuni ya springi kama fumbo la herufi 14 zilizovurugwa, na jibu akalitoa mwaka 1678 tu, ingawa alisema aliijua miaka 18 kabla. Akagombana na Isaac Newton kuhusu mwanga, kisha kuhusu nguvu ya uvutano. Newton hakuwa mtu wa kusamehe.

Kipato chake kizuri kilitoka kwingine kabisa. Moto mkubwa ulipoteketeza London mwaka 1666, yeye alikuwa miongoni mwa wapimaji waliopita katika majivu wakipigilia vigingi vya mipaka ya viwanja, na kila kiwanja kilikuwa na ada yake. Fedha hizo hakuzitumia. Alipofariki tarehe 3 Machi 1703, katika chumba alichoishi kwa karibu miaka 40, lilikutwa sanduku la chuma lenye maelfu ya pauni. Hakuwa na mke wala wosia uliotiwa saini.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Newton alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society. Hakuna picha ya Hooke iliyothibitishwa iliyobaki, na kaburi lake halijulikani lilipo. Mwaka 2006 kurasa zaidi ya 500 za maandishi yake kuhusu mikutano ya chama hicho zilikutwa kabatini katika nyumba moja kusini mwa Uingereza. Royal Society ililazimika kuzinunua kwa karibu pauni milioni 1.