George Albert Boulenger, aliyempa mukeke jina la kisayansi

Mukeke, samaki anayependwa mno mjini Bujumbura, aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1914, ingawa wavuvi hawakuingoja London kumtambua. Aliyemwingiza ni George Albert Boulenger, mzaliwa wa Brussels mwaka 1858, kutokana na samaki waliokusanywa Ziwa Tanganyika na daktari Mbelgiji Louis Stappers.

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, Boulenger alichunguza samaki waliohifadhiwa ndani ya pombe kali. Pombe hufifisha rangi. Kwa hiyo alihesabu miiba ya mapezi na magamba ya ubavuni. Orodha yake ya samaki wa maji baridi wa Afrika, iliyochapishwa katika juzuu 4 kati ya 1909 na 1916, humwongoza msomaji kwa sifa zinazopingana: huchagua moja, huendelea na inayofuata, hadi afike kwenye jina. Hesabu moja ikikosewa, jina huwa la samaki mwingine.

Mukeke alimpa jenasi ya peke yake, Luciolates. Wataalamu wa baadaye walimhamishia Lates, pamoja na sangala. Boulenger alistaafu mwaka 1920, akageukia utafiti wa mawaridi, akafariki Saint-Malo, Ufaransa, mwaka 1937.