Frank Humplick: Sauti ya Mlimani Inayokaribia Miaka 100



Katika vijarida vyetu vya harambee tumezoea kusimulia habari za barabara, maji, madarasa na zahanati. Hayo yote yamo pia mwaka huu, na hesabu zake mtazikuta kurasa za mbele. Kurasa hizi chache tumeziombea mtu mmoja ambaye hakujenga darasa wala hakuchimba mfereji, lakini aliacha kitu kinachosikika mpaka leo. Mtu huyo ni marehemu Mzee Frank Joseph Humplick, mpiga gitaa na mtunzi aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1927. Aprili 2027 itatimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake.

Sisi wa Kibosho hatumdai kuwa ni wetu peke yetu. Ni mtoto wa mlima mzima, na Old Moshi, Machame, Marangu na Rombo wana haki naye sawa na sisi. Lakini tumeona kwamba kama kila mmoja atamngoja mwenzake amkumbuke, Aprili hiyo itapita kimya. Hebu tuanze sisi.

Mtoto wa pande mbili

Mama yake alikuwa Mchagga. Baba yake alikuwa mtu wa kutoka Ulaya. Leo jambo hilo halishangazi mtu, lakini mwaka 1927 lilikuwa na uzito wake. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na utawala ule uliwagawa watu kwa rangi: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao na Waafrika mahali pao. Shule zilitengwa hivyo hivyo, na hospitali pia. Mtoto wa pande mbili hakuwa na fungu lake katika mgawanyo huo. Frank alikulia katikati, na tukisikiliza muziki wake tunaona kwamba alichukua kwa mikono miwili: gitaa la Kizungu, na maneno na mahadhi ya nyumbani.

Mlima aliokulia nao ulikuwa unabadilika haraka. Misheni ya Kibosho ilikuwa imefunguliwa mwaka 1893, na nyimbo za kanisani za sauti nne zilikuwa zimeshazoeleka masikioni mwa watu wetu. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kabla ya Vita ya Kwanza. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda umoja wao, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU. Kahawa ikaleta fedha vihambani, na fedha ikaleta mabati, baiskeli, cherehani na, kwa wale waliojiweza, gramafoni.

Gramafoni ilifaa sana mlimani kwa sababu haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani, sahani ikawekwa, sindano ikashushwa, na nyumba nzima pamoja na majirani wakasikiliza. Sahani zenyewe zilikuwa nzito na nyepesi kuvunjika. Ikianguka sakafuni mara moja, basi. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu za muziki. Kwa hiyo mtunzi wa wakati ule alilazimika kusema jambo lake upesi na kwa ufupi. Frank aliijua sana kazi hiyo.

Frank na dada zake

Hakuimba peke yake. Aliimba na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina, na sahani zao zilijulikana kwa jina la Frank na Dada Zake. Tunayaandika majina ya dada hao kwa makusudi, kwa sababu jina la kikundi liliwaficha. Mtu akisikiliza kwa makini atatambua kwamba nusu ya utamu wa nyimbo zile umo katika sauti zao. Gitaa linadonolewa kwa vidole, taratibu, kila uzi ukisikika, Frank anaongoza, dada wanapokea kwa sauti mbili zinazokwenda bega kwa bega. Hakuna ngoma kubwa wala tarumbeta. Ni watu watatu wa familia moja, kana kwamba wamekaa ukumbini baada ya chakula cha jioni.

Miaka ya 1950 halikuwa jambo la kawaida kwa wanawake wa bara kusikika kwenye sahani. Unguja alikuwapo Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab, na aliyefariki mwaka 1950. Huku bara waimbaji wengi wa sahani walikuwa wanaume. Thecla Clara na Maria Regina walifungua mlango, na wasichana wa kwaya zetu wanaoimba leo mbele ya kamera bila woga wanapaswa kuyajua majina hayo mawili.

Wakati huo makampuni ya sahani yalikuwa yakitafuta sauti mpya Afrika Mashariki. Mtafiti Hugh Tracey alizunguka na mitambo yake mwaka 1950, akipita Tanganyika, Kenya na Uganda, akirekodi kuanzia ngoma za vijijini hadi bendi za mijini. Ni katika kipindi hicho sahani za Frank na dada zake zilipotoka kwa chapa ya Gallotone, kampuni ya Afrika Kusini. Fikirini safari hiyo: sauti inaondoka huku kwetu, inakwenda kugeuzwa sahani maelfu ya kilomita kusini, halafu inarudi dukani Moshi ikiwa ndani ya bahasha ya karatasi, na anayeinunua ni jirani yake mwimbaji.

Nyimbo nyingi zilikuwa za Kiswahili, na nyingine za Kichagga. Zilihusu mambo ambayo watu wanayajua: mapenzi, ndoa, mwenendo wa vijana, maisha ya kila siku. Chaupele Mpenzi na Harusi ni mbili kati ya zile zilizompa jina. Zilivuka mipaka ya Tanganyika zikapendwa Kenya pia, na mpaka leo ukiwapigia wazee wa rika fulani, wa Nairobi au wa Dar es Salaam, utaona vichwa vinaanza kutikisika kabla sauti za dada hazijaingia.

Wimbo ulioitia serikali wasiwasi

Mtu asidhani kwamba mpole wa gitaa alikuwa mpole wa mawazo. Katikati ya miaka ya 1950 Frank alitoa wimbo ulioitwa Yes, No. Ukiusikiliza harakaharaka ni wimbo wa kuchezea tu. Lakini ndani yake alizitaja nchi zetu jirani na kugusia kuamka kwao. Kumbukeni ulikuwa wakati gani: Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na huku kwetu TANU ilizaliwa Julai 1954. Hapa mlimani, Wachagga walikuwa wameshapata Mangi Mkuu wao, Thomas Marealle, na mijadala ya nani atawale na kwa ridhaa ya nani ilikuwa ya kila siku sokoni na kwenye vilabu vya mbege.

Serikali ya kikoloni ilipoelewa wimbo ulikuwa unasema nini, haikucheka. Sahani zake zilipigwa vita na kukusanywa. Sisi tunaosoma habari hizi leo tunapaswa kuona uzito wa jambo hilo. Kijana mwenye gitaa, asiye na cheo wala jeshi, aliwatia wasiwasi watu waliokuwa na vyote viwili. Alifanya hivyo kwa dakika tatu za upande mmoja wa sahani. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, wako wengi waliotajwa kwa mchango wao. Waimbaji kama huyu walitajwa kidogo sana.

Baada ya kelele kubwa

Baada ya Uhuru muziki ulibadilika. Magitaa ya umeme yalitawala, na bendi zikawa kubwa zenye saksafoni na tarumbeta. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, Morogoro Jazz ikatamba na Mbaraka Mwinshehe, na redio ikawa ndiyo gramafoni ya taifa zima. Muziki wa watu watatu na gitaa moja ulisogezwa pembeni. Frank aliishi miaka mingi Lushoto, katika milima ya Usambara, mbali na kelele hizo, na huko ndiko alikofariki tarehe 25 Agosti 2007, akiwa na umri wa miaka 80.

Katika miaka ya karibuni nyimbo zake za zamani zimekusanywa na kutolewa upya huko Marekani, kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro isipokuwa kwenye picha. Tunafurahi kwa hilo. Lakini furaha hiyo ina mwiba ndani yake. Wapo vijana wetu wa Kibosho wanaomaliza kidato cha nne bila kulisikia jina lake, ilhali mgeni wa ng'ambo amelinunua na kulihifadhi.

Somo letu katika hesabu

Sisi tunaoshika vitabu vya chama tunajua kwamba mali isiyoandikwa hupotea bila mtu kulaumiwa. Meza ya shule ikiandikwa, mtu ataiulizia. Isipoandikwa, siku moja haipo na hakuna anayejua iliondoka lini. Sauti ya Frank Humplick ipo leo kwa sababu moja: mtu aliirekodi. Mlimani hapakukosekana waimbaji wengine wa rika lake. Walikuwapo wa kwenye mavuno, wa kwenye ubatizo, wa kwenye harusi, na wanawake waliokuwa wakiimba wakikata majani ya ng'ombe. Wengi wamekwenda na nyimbo zao, kwa sababu hakuna aliyeziandika kitabuni.

Na lugha yenyewe inakwenda nazo. Kila Desemba tukirudi nyumbani tunaliona. Bibi anamsimulia mjukuu kwa Kikibosho, mjukuu anamtazama mama yake ili atafsiriwe. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu mtu, kwa maana wengi wetu tuliozaa mijini watoto wetu ndio hao. Lakini wimbo hufundisha lugha kwa njia nyepesi kuliko karipio. Mtoto anayekataa kujibu salamu kwa Kichagga ataimba kiitikio cha Kichagga akiwa anacheza.

Kwa desturi yetu tunawakumbuka marehemu kwa siku waliyofariki: misa, chakula, watu wanatawanyika. Ni desturi njema na tutaishika. Kwa wanamuziki wakongwe, dunia imezoea pia kushika siku ya kuzaliwa. Bob Marley hukumbukwa kila tarehe 6 Februari, siku aliyozaliwa, kwa muziki wake kupigwa mchana kutwa. Siku ya kifo inatuuliza tumepoteza nini. Siku ya kuzaliwa inatuuliza tumepewa nini, na tumekifanyia nini.

Tunachowaomba

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo matatu, na mchango wa kifungu cha utamaduni katika harambee ya mwaka huu utakwenda huko.

Kwanza, Aprili 2027 tufanye siku ya muziki wa mlimani nyumbani, ikiwa na kwaya za parokia zetu, wapiga gitaa vijana na wazee wanaokumbuka nyimbo za zamani. Shule zetu zialikwe, ili wanafunzi wasikie habari za Frank, Thecla Clara na Maria Regina.

Pili, tununue vifaa vya kurekodia vilivyo imara, tuwape vijana wachache mafunzo na nauli, wapite kijiji kwa kijiji kuwarekodi wazee. Kila wimbo uandikwe nani kauimba, wapi, lini na maana yake. Nakala zihifadhiwe mahali pasipopungua pawili. Mwimbaji atie saini kwamba ameridhia, na nakala yake apewe.

Tatu, tuheshimu haki za wenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tungo za Mzee Frank bado zina mwenyewe, na zitaendelea kuwa naye hadi 2057. Hatutazinakili wala kuziuza. Tutakapotaka kuziimba hadharani, tutafuata utaratibu na kuomba ruhusa. Tusimwenzi msanii huku tukimnyima haki yake.

Fomu za ahadi ziko mwishoni mwa kijarida hiki. Anayetoa kidogo aandikwe, anayetoa kingi aandikwe, na asiye na fedha lakini nyumbani kwao kuna sahani ya zamani kabatini, tafadhali asiitupe. Aifute vumbi kwa kitambaa laini, aiweke wima mahali pasipo jua, atupe taarifa. Na mwenye babu au bibi anayejua wimbo ambao wengine wamesahau, asingoje vifaa vya chama. Simu iliyo mfukoni mwake inatosha kuanzia. Desemba hii atakapofika nyumbani, amkalishe mzee wake chini, amwombe aimbe, na airekodi.