Raphaelle Peale: alichora chakula, kazi ikamukula mwili

Ndugu wafanyakazi, mama na vijana wa kambi, leo tunawaletea maisha ya mutu wa Marekani aliyekufa zamani, mwaka 1825. Hakufanya kazi ya mugodi. Lakini tuliposoma maisha yake, tulimuona ni ndugu yetu kabisa.

Raphaelle Peale alizaliwa mwaka 1774 kule Annapolis, akakomalia Philadelphia. Baba yake, Charles Willson Peale, alikuwa mchoraji mukubwa, aliyechora sura ya Washington mara nyingi. Watoto wake wengi aliwapa majina ya wachoraji wa Ulaya: Raphaelle, Rembrandt, Rubens, Titian. Kumbe kazi yao ilipangwa mbele hawajajua hata kutembea.

Baba alifungua tena nyumba ya kuonyesha wanyama. Ndege na nyama wa pori waliokufa walitengenezwa ngozi ili wasioze, watu wanalipa, wanaingia kutazama. Dawa ya ile ngozi ilikuwa arseniki na zebaki. Raphaelle njo mmoja wa waliofanya ile kazi.

Mwaka 1797 alioa Martha McGlathery, wakazaa watoto wengi. Pesa haikutosha. Alizunguka miji akitafuta watu wa kuchora sura zao, lakini wateja wengi walienda kwa ndugu yake Rembrandt. Yeye roho yake ilipenda kuchora chakula: tikiti lililopasuliwa, keki na zabibu, kipande cha nyama mbichi na mboga. Unatazama unasema utashika na mukono. Wakati ule wakubwa wa sanaa walihesabu hii kazi kuwa ya chini, na baba alimusukuma arudie kuchora sura za watu. Picha zake aliuza bei ndogo. Anachora meza ya matajiri, na kwake nyumbani deni inangojea mulangoni.

Tangu miaka thelathini na kitu, mwili ulianza kuanguka. Alilazwa lopitalo, akili ikipotea. Viungo vilivimba, mikono ikamuuma, ile mikono iliyomulisha. Watu wa nyumba yake walisema ni pombe. Kweli alikunywa, hatufichi. Lakini wachunguzi wa siku zetu wamo wanaosoma zile dalili na kuona sumu ya arseniki na zebaki. Wengine wanabaki kusema pombe na ugonjwa wa viungo.

Alikufa tarehe 4 Machi 1825, akiwa na miaka 51. Leo wanamuita mchoraji wa kwanza wa Marekani aliyeshika kuchora chakula kuwa kazi yake. Picha zake ziko Washington na New York, zinalindwa sawa dhahabu.

Sisi tunaandika hii juu ya nini? Juu ya mara ngapi tumezika mwenzetu aliyekohoa miaka, na kwenye matanga watu wanasema tu alikunywa sana. Pombe inaonekana, chupa inabaki mezani. Sumu ya kazi mara nyingi haionekani, na mara nyingi haina harufu. Ndugu, mutu akigonjwa, kwanza tuulize alishika nini kazini, alivuta vumbi gani, miaka mingapi. Tuandike na tarehe, tutunze karatasi za munganga. Mama, nanyi mutusaidie kuzitunza.