Jomo Kenyatta: Mkalimani wa Istilahi za Ardhi

Wengi walioandika kuhusu maisha ya Mzee Jomo Kenyatta wamemsawiri kama mwanasiasa, mfungwa na hatimaye rais wa kwanza wa Kenya. Ni nadra kumwona akitajwa miongoni mwa wafasiri, ilhali tangu ujana hadi alipopita umri wa miaka arobaini, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Maneno yenyewe aghalabu yalihusu jambo moja: nani mwenye ardhi.

Alizaliwa katika muongo wa 1890, akaingia katika misheni ya Waskoti huko Thogoto mwaka 1909, na akabatizwa kwa jina la Johnstone mwaka 1914. Mnamo 1922 aliajiriwa na idara ya maji ya manispaa ya Nairobi kuwa karani wa bohari na msomaji wa mita. Alijenga nyumba Dagoretti, eneo ambalo Kawangware ya leo imo ndani yake, akaigeuza pia kuwa duka la bidhaa za nyumbani. Aidha, aliwahi kukalimani katika Mahakama Kuu ya Nairobi, na huko, yamkini, ndiko alikojua kwamba kesi ya shamba inaweza kupotea kwa neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutamkwa. Mwaka 1921, Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua, katika kesi iliyowahusu Wakikuyu kwa Wakikuyu, kwamba kutokana na Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 na agizo la 1920 lililoifanya Kenya koloni, Waafrika walikuwa wamepoteza haki zao zote juu ya ardhi. Wakawa wapangaji wa Mfalme, wawezao kuondolewa wakati wowote apendapo. Anayetafuta kisawe cha istilahi hiyo katika Kikuyu atakutana na neno ahoi, umoja wake muhoi. Hata hivyo, tafsiri hiyo inakwama mara moja. Muhoi, ambaye jina lake latokana na kitenzi chenye maana ya kuomba, ni mtu aliyemwendea mwenye githaka, yaani ardhi ya ukoo, akapewa mahali pa kulima kwa misingi ya urafiki na bila kulipa kodi. Wakulima wa Kiambu hawakuwa wamemwomba Mfalme kitu chochote. Kiswahili nacho hakisaidii sana, kwa kuwa mpangaji hulipa kodi na huwa na mwenye nyumba anayemjua.

Kenyatta aliingia katika mgogoro huu akiwa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikuyu lililoanzishwa mwaka 1928. Mwaka uliofuata alisafiri kwenda London kuwasilisha madai ya ardhi. Alirudi huko tena mwaka 1931, na mwaka 1932 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter.

Baadaye mwaka huohuo alikwenda Moscow, akasoma katika Chuo Kikuu cha Kikomunisti cha Wafanyakazi wa Mashariki hadi 1933. Wakati huo mashamba ya wakulima wa Urusi yalikuwa yakikusanywa kwa nguvu na kufanywa kolkhoz. Nadharia iliyofundishwa pale ilikuwa na istilahi zake kuhusu ardhi: ama ni mali ya binafsi, ama ya ujima, ama ya kabaila. Githaka haikuingia vyema katika kapu lolote kati ya hayo.

Jibu lake lilipatikana chuoni London. Alimsaidia Lilias Armstrong katika utafiti wa fonetiki na toni za Kikuyu, kazi iliyochapishwa mwaka 1940, miaka mitatu baada ya Armstrong kufariki. Kuanzia 1935 alisoma anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya. Sura ya kitabu hicho inayohusu umiliki wa ardhi inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa tafsiri. Humo Kenyatta anakataa katakata ardhi ya Wakikuyu kuitwa mali ya kabila zima. Kila kipande, aeleza, kilikuwa na mwenyewe. Badala ya kusaka visawe, anayaacha maneno ya Kikuyu yasimame yalivyo, githaka, muhoi na mengineyo, kisha anayafafanua moja baada ya jingine. Mbinu hiyo ilikuwa hoja ya kisiasa, kwani ardhi isemwayo kuwa ya wote ni rahisi kuichukua bila kumfidia yeyote.

Mwaka 1952 alikamatwa, na kesi yake ikasikilizwa huko Kapenguria. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete aliyekijua Kikuyu tangu utotoni. Wakili D. N. Pritt alipinga tafsiri zake, na Leakey akajiondoa kabla ya kesi kumalizika.

Kinachoshangaza ni kilichofuata baada ya uhuru. Serikali ya Kenyatta ilirithi Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, ambayo ilimpa aliyeandikwa katika hati mamlaka yote. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za kimila hazina nguvu mbele ya hati hiyo. Muhoi hakuwa na jina katika sheria, na asiye na jina alifukuzwa kama mvamizi. Aliyemfafanua kwa ustadi mwaka 1938 hakumtafsiri alipokuwa na uwezo wa kufanya hivyo, na familia yake ikahesabiwa miongoni mwa zenye ardhi nyingi zaidi nchini.

Mwaka 1974 Kenyatta aliagiza Bunge lijadili kwa Kiswahili. Wapenzi wa lugha hii humsifu kwa hilo, na wana haki. Lakini miswada na sheria, za ardhi zikiwamo, ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge alijadili kwa lugha moja kile kilichoandikwa kwa nyingine, na istilahi akazibuni papo kwa papo.

Kilomita chache kutoka Dagoretti kuna Kibera, ambayo jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 za hapo zilitengwa kwa ajili ya askari Wanubi na jamaa zao, ila serikali ya kikoloni iliendelea kuwahesabu kuwa wapangaji wa Mfalme tu. Uhuru ulipokuja, Mfalme aliondoka na Serikali ikachukua nafasi yake. Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Wanubi wakiwa bado hawana hati. Waliipata mwaka 2017, ya ekari 288, kutoka kwa rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, mwanawe.